Mkono Uliofungwa kwa Nta

Asubuhi ya siku ya tatu Inspekta Kalenga alimkuta Mwalimu Tshibangu ameketi sakafuni mwa kasho, kile chumba cha mahabusu nyuma ya kituo, mgongo ukutani, mkono wa kulia ameupakata juu ya paja kama mtoto mwenye homa. Mkono ulikuwa umezungushiwa kitambaa cheupe tangu ncha za vidole hadi juu ya kifundo. Penye fundo la kitambaa palidondoshewa nta ya mshumaa, na juu ya nta pakagongwa muhuri wa kituo. Kalenga alikuwa ameutumia muhuri ule miaka mingi kufungia visu, maganda ya risasi na nguo zenye damu. Nyama ya mtu aliye hai hakuwahi kuiona imepigwa muhuri wa serikali.

Mkuu wa kituo, Komanda Mwenze, alisimama mlangoni akichokoa meno.

"Usiguse ile nta, Inspecteur," alisema. "Tulipatana na bavijana. Leo mangaribi tunafungua mbele ya bantu bote, ku terrain ya mpira. Mukono ikiwa safi, anapanda train na bibi yake na batoto. Ikitoa usaha, ninabaachia mutu wao."

"Na bo batamufanya nini?"

"Unaniuliza mi? Uliona vile Mukuna alikuwa."

Kalenga alikuwa amemwona. Mukuna, mstaafu wa mgodini, alikutwa amekufa jikoni mwa nyumba ya Mwalimu Tshibangu pale mtaa wa Kapata, fuvu limepasuliwa kwa kitu kizito, mlango umefungwa kwa nje na ufunguo haupo. Ulikuwa mwaka wa 1993. Watu wa asili ya Kasai walikuwa wakitimuliwa Kolwezi mtaa kwa mtaa. Babu zao waliletwa na kampuni kuchimba shaba, nao wenyewe walizaliwa Kapata na Kasai waliijua kwa jina tu, lakini waliambiwa warudi kwao, wakaenda kulala stesheni kungoja mabehewa. Mwalimu alipofunga virago alimwachia ufunguo jirani yake Mukuna, ambaye alikuwa Mkatanga halisi, mwenyeji wa jimbo, akamwomba alale mle ndani asije mtu akaivamia nyumba. Sasa vijana wa mtaa walisema Mwalimu alirudi jioni kwa siri, wakagombana, akamuua. Walimkokota kutoka stesheni mchana uleule maiti ilipoonekana, wakachoma parafujo ya reli kwenye makaa hadi ikawa nyekundu, wakambebesha mkononi mbele ya umati.

"Na parquet?" Kalenga aliuliza juu ya ofisi ya mwendesha mashtaka, ingawa jibu alilijua.

"Procureur alienda na train ya ile wiki. Juge pia, naye alikuwa wa kwao kule Kasai. Sasa dossier yako utapelekea nani, kuku?" Mwenze alitema kijiti. "Acha mukono iseme."

Akaenda zake. Kalenga alichuchumaa mbele ya Mwalimu. Huyu alikuwa mtu mfupi, mwenye upara na sauti ya darasani ambayo hata kasho haikuishusha.

"Prof, nani alisema bafunge mukono?"

"Dodo. Kiongozi wao."

"Na kungoja siku tatu?"

"Pia Dodo. Anasema ni mambo ya bankambo, babu zetu ba zamani. We ni mutu wa Manono, Inspecteur. Bankambo bako balifanya hivi?"

Kalenga alifikiri. Bibi yake aliwahi kumsimulia utotoni habari za chungu cha maji yanayochemka, jiwe limewekwa chini kabisa, na mtuhumiwa akazamisha mkono kulitoa. Aliyeungua ameungua, na watu walimhukumu palepale. Kitambaa, nta na kungoja kidonda kipone au kioze, hayo bibi hakuyasema kabisa.

"Hapana," alijibu. "Kwetu ilikuwa maji, na bantu baliona palepale."

"Basi nisikilize, maana leo ni leçon ya mwisho." Mwalimu alijivuta akakaa wima, na maumivu yakampita usoni. "Hii ni ya Bazungu. Ulaya ya zamani, miaka mia nane iliyopita. Mutu akishitakiwa na hakuna shahidi, padri anabariki chuma ya moto, mutu anaibeba hatua tisa, banafunga mukono na kupiga muhuri. Siku ya tatu banafungua. Ikipona vizuri, Mungu amesema hana makosa. Ikioza, bamemukamata."

"Na iliisha namna gani?"

"Mwaka wa 1215 Kanisa ilikataza mapadri kubariki. Bila padri, chuma ilibaki chuma tu. Bangereza bakaanza kuuliza majirani kumi na mbili. Bengine bakasema, tunataka mashahidi bawili balioona kwa macho, ao mutu akiri mwenyewe. Na pale mashahidi hawakupatikana, bakamutesa mpaka akiri. Unaona? Baliacha mukono, bakakamata kinywa." Alicheka kidogo, bila furaha. "Na kabla ya chuma kulikuwa kiapo. Ulileta majirani bako kumi, bakaapa kwamba we ni mutu muzuri, ukaenda nyumbani. Mi majirani yangu bote beko mu wagon. Alibaki mumoja tu wa kuniapia, na ni Mukuna."

Kalenga alitupia jicho mlangoni. Kisha akauliza lile lililomleta.

"Hii yote ulifundisha wapi?"

"Mu histoire, darasa la tatu ya secondaire, kila mwaka."

"Na Dodo alikaa mu darasa lako?"

"Bangu la mbele, ku benchi ya kwanza kabisa. Nilimupa pointi kupita bote. Ile leçon alipenda sana, aliniuliza maswali mpaka kengele ilipiga."

Kalenga alisimama. "Nilete muuguzi akuangalie mukono kwanza?"

"Ukivunja ile nta, umeniua kabla ya mangaribi. Bibi yangu Mianda eko ku gare, anangoja train na batoto. Mwambie tu niko mzima."

*

Mjane wa Mukuna, Mama Agnès, alikuwa uani akipepeta unga wa mahindi ambao hakuonekana kuwa na haja nao. Aliupepeta, akaumimina, akaupepeta tena. Alimpa Kalenga kigoda bila kumtazama usoni.

"Pole, mama."

"Aksanti, tata."

"Ile mangaribi, tata Mukuna alienda kulala kwa Prof kama kawaida?"

"Kama kawaida. Alibeba na blanketi yake. Kesho yake sikumuona kurudi, nikasema amelala sana. Saa ya mchana nikamupelekea bukari yake ya kula, nakuta mulango imefungwa. Tulivunja dirisha." Ungo ulisimama. "Sikupika tena tangu ile siku."

"Kabla ya mchana, kuna mutu alijua kama amekufa?"

"Nani angejua? Mi njo nilimuona wa kwanza. Mi njo nililia, bantu bakakuja."

"Na we, mama, unaona Tshibangu njo alimuua?"

Mama Agnès aliangaza huku na huku kabla ya kujibu, akashusha sauti. "Tata, Tshibangu angekuja kuuliza ufunguo wake, bwana yangu angemupa, na chai juu yake. Mutu anaua mwenzake juu ya ufunguo ya nyumba yake mwenyewe?"

Kalenga alisogeza kigoda karibu. Siku mbili alikuwa amelizungukia jambo hili na mjane amelisema kwa pumzi moja. Mwenye nyumba haui mtu kuupata ufunguo ambao atapewa akiomba. Anayeua ni yule atakayenyimwa.

"Utasema hivyo ku terrain, mbele ya bantu?"

"Hapana." Ungo ukaanza tena. "Bavijana banakuja hapa kila siku kuniuliza kama niko na shida. Tata, mi niko na batoto. Twende kukaa wapi, sisi tuko Bakatanga, tuko na train gani?"

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa ya pili kutoka hapo, safu ileile ya nyumba za kampuni, barza ileile ya saruji. Dirisha lililovunjwa lilikuwa limezibwa kwa katoni. Kwenye barza aliketi kijana mrefu, miguu amenyoosha, anakula karanga. Hakujisumbua kusimama.

"Karibu, Inspecteur. Uko na mandat ya kupekua ao unatembea tu?"

"Natembea tu, Dodo. Umehamia?"

"Nalinda. Nyumba ikibaki bule, bila mutu, bantu banaiba."

"Hata Mukuna alikuwa analinda."

Dodo aliacha kutafuna, kisha akaendelea. "Njo pale unaona roho ya ule mutu. Kuua rafiki yake! Lakini leo tutajua. Bya bankambo habidanganye."

"Bankambo bako ni ba wapi?"

"Kule juu, kama bako."

"Basi nifundishe, mi nimesahau. Chuma inachomwa, sawa. Nani anasema maneno juu ya chuma?"

"Tulimuita catéchiste akasema sala. Monsieur l'abbé alikataa ku—" Dodo alikatiza, akajifanya karanga imemkwama.

"Alikataa kubariki," Kalenga alimmalizia. "Bankambo balihitaji padri, Dodo?"

"Ni kusaidia tu. Kila mutu eko na dini yake."

"Kweli." Kalenga aligeuka kuondoka, akasimama. Nyuma ya mlango uliokuwa wazi aliona koti la kijivu limetundikwa kwenye msumari. "Ile koti ni yako?"

"Ya Prof. Aliacha. Mashahidi bote balimuona amevaa ile mangaribi."

"Balimuona amevaa, na iko hapa ndani?"

"Labda aliirudisha."

"Akiwa na ufunguo gani?"

Dodo alitazama karanga zake. "We Inspecteur, uko na maswali mingi sana kwa mutu mwenye hana procureur," alisema polepole, na vijana wawili waliokuwa wameegemea ukuta wa jirani wakasogea karibu. Kalenga aliaga kwa adabu kama mtu aliyepita kusalimu.

*

Wale "mashahidi wote" walikuwa mtu mmoja. Blandine, mwanamke aliyeuza sabuni na chumvi mbele ya nyumba yake upande wa pili wa barabara, ndiye aliyemwona mtu wa koti, na mtaa mzima ulikuwa umeyarudia maneno yake mpaka kila mmoja akaamini ameona mwenyewe.

"Nilimuona na macho yangu," alisema. "Alitoka, akafunga mulango na ufunguo. Nikamwambia, Bonsoir, Prof. Hakunijibu."

"Uso uliuona?"

"Alikuwa ameinama. Lakini koti! Ile koti naijua. Prof alivaa ile tu miaka yote."

"Hakukujibu. Prof alikuwa na tabia ya kutojibu salamu?"

"Ah, hapana! Ule anajibu hata mbuzi." Blandine alicheka, akajizuia. "Njo vile nilisema, huyu leo eko na roho mubaya."

"Koti ilimukaa namna gani?"

Mwanamke alikunja uso akijaribu kukumbuka, na Kalenga hakumharakisha.

"Mikono ilikuwa mifupi," alisema mwishowe. "Ilifika hapa." Akajigusa katikati ya kiwiko na kifundo. "Nikasema, masikini, njaa ya ku gare imemubadilisha."

"Mama, njaa inakondesha mutu. Hairefushe mikono."

Blandine aligeuza shingo. Macho yake yalivuka barabara hadi kwenye barza, kwa yule kijana mrefu aliyekuwa akimenya karanga, yakarudi haraka kwenye vipande vya sabuni. Alianza kuvipanga upya, vikubwa mbele, vidogo nyuma.

"Mi siko nasema kitu ingine," alisema.

"Umeshasema. Naomba uje uyarudie leo, vilevile."

"Nitakuja," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaka mgeni aondoke.

Abbé Henri alikuwa ndiyo kwanza amerejea kutoka Fungurume, alikokwenda kuzika jamaa yake. Kalenga alimkuta mbele ya nyumba ya mapadri akipangusa vumbi la barabara kwenye viatu. Alikuwa amesikia habari za Mukuna njiani, na alikuwa na hasira na katekista wake.

"Nilimuuliza, uliwezaje kusali juu ya ile chuma? Anasema, mon père, balinishika. Sasa, anasema, nilisali litania nzima, nikataja watakatifu bote najua, na bengine mara mbili, ili chuma ipoe. Imagine! Mutu mumoja tu alikuwa na akili pale, na alikuwa anabadanganya."

Kalenga alishukuru moyoni watakatifu wote na wale waliotajwa mara mbili. "Na we, monsieur l'abbé, balikuomba kubariki?"

"Dodo. Nilimufukuza. Nilimwambia Kanisa ilikataza ile ujinga zamani sana, hata mwalimu wake wa histoire angemwambia. Akasema, ni ye njo alitufundisha."

"Alikuja lini?"

"Ile asubui nilienda Fungurume, siku ile ile ya chuma. Kisha misa ya kwanza kuisha, mi nikiwa mu sacristie navua bilamba bya misa. Camion ilikuwa inanipigia honi."

"Alisemaje? Maneno yake yenyewe."

"Alisema, mon père, kama mutu ameua rafiki juu ya nyumba, na hakuna mwenye aliona, utakubali kubariki chuma?"

Kalenga alihesabu saa kichwani. Misa ya kwanza huisha jua likiwa bado changa. Mama Agnès alivunja dirisha mchana. Asubuhi ile hapakuwa na mtu Kapata aliyejua kuwa Mukuna amekufa, isipokuwa aliyemuua, na aliyemuua alikuwa na haraka ya kumuwahi padri kabla lori halijaondoka. Dodo alikuwa amelishika somo lote. Alikumbuka chuma, nta, siku tatu na padri. Mwanafunzi bora kweli, aliyeshindwa na saa tu.

"Monsieur l'abbé, utakuja ku terrain useme hivyo?"

"Nitasema hata juu ya dari," alijibu padri, akavaa viatu vyake.

*

Uwanja wa mpira wa Kapata ulijaa mapema. Kalenga alijaribu kwanza kwa Mwenze, pembeni, kwa sauti ya chini: koti, mikono mifupi, ufunguo, misa ya asubuhi. Alikuwa na mashahidi wawili. Mwenze alisikiliza yote, hata akatikisa kichwa kwa kuridhika, maana hakuwa mjinga.

"Ni kazi muzuri," alisema. "Mwaka jana ningekupeleka ku procureur mi mwenyewe. Leo niko na askari kumi na moja, bengine hawajalipwa tangu Noeli. Ona pale." Akaonyesha kwa kidevu vijana wa Dodo, walioshika marungu na vyuma na kuzunguka goli lote. "Semea bantu, kama unataka. Mi sitakukataza."

Walimleta Mwalimu katikati. Kando yake jiko la makaa lilikuwa likiwaka tena, na ile parafujo ya reli imelazwa juu yake, sijui ni kwa ukumbusho au kwa kitisho. Mianda, mke wa Mwalimu, alikuwa ameletwa kutoka stesheni na watoto watatu ili aone. Alisimama amefunga mikono kifuani, hakulia.

Mwenze akauvunja muhuri. Nta ilipasuka ikaanguka vipandevipande, na kitambaa kikafunguliwa mzunguko kwa mzunguko. Watu walikatiza maneno. Kiganja kilionekana, chekundu, ngozi imejikunja, katikati pana mstari mweusi wa chuma, lakini pakavu. Hapakuwa na usaha wala harufu. Litania ilikuwa imefanya kazi yake.

"Safi," alisema mzee mmoja wa mbele. "Mukono iko safi."

Neno likapita nyuma, safi, safi, na Kalenga aliona mabega ya Mianda yakishuka.

"Safi?" Dodo aliruka mbele. "Siku tatu tu, chuma nyekundu, na mukono iko safi? Nani kati yenu anaweza? Muulizeni dawa gani anapaka! Ni mulozi!"

Na neno hilo nalo likapita nyuma, kwa kasi kuliko lile la kwanza. Kalenga alielewa hapo kwamba kitambaa kile hakikuwa na jibu jema ndani yake. Mkono uliooza ni wa muuaji, mkono uliopona ni wa mchawi. Alipanda juu ya tofali akapaza sauti.

Aliwaeleza yote kwa mpangilio, kama alivyokuwa akieleza mahakamani siku za mahakama. Abbé Henri akasimama, akasema yake bila kumung'unya. Umati ulitulia. Watu walianza kumtazama Dodo, na Dodo akaanza kutazama ardhi. Kwa muda mfupi Kalenga alitumaini.

"Mama Blandine," aliita. "Waambie ulivyoona koti."

Blandine alisukumwa mbele. Alimtazama Kalenga, akamtazama Dodo, akatazama nyumba yake iliyoonekana kwa mbali ng'ambo ya uwanja.

"Mi sikuone bien," alisema. "Ilikuwa giza. Niliona koti tu."

"Mikono ya koti, mama."

"Sikumbuke mikono."

Basi ikabaki sauti ya padri peke yake, na mtu mmoja akapiga kelele kwamba mapadri ni marafiki wa Wakasai, wanapewa sadaka nene. Mwingine akasema hapana, padri hasemi uongo. Walianza kusukumana, ndipo sauti ikatoka upande wa goli:

"Chuma! Na Dodo ashike chuma! Tutaona!"

Walipokea wote. Walioamini na wasioamini, wote walilitaka hilo. Ashike chuma! Dodo alirudi nyuma, uso umemwisha damu, na marafiki zake wawili wakamshika mikono, maana nao walitaka kujua. Mzee wa mbele alimgeukia Kalenga kwa heshima kabisa.

"Inspecteur, we njo sheria hapa. Mushikishe. Akiungua, tunaamini yote ulisema."

Parafujo ilikuwa tayari nyekundu. Kalenga aliitazama. Jambo alilolijua kwa koti, kwa ufunguo na kwa kengele ya misa, hawakulitaka hivyo. Walilitaka kutoka kwenye nyama.

"Mupe chuma!" Ilikuwa sauti ya Mianda, kali, ya mtu aliyekwisha vumilia. "Bwana yangu alishika! Na ye ashike! Mupe!"

Mwalimu alimtazama Dodo, yule mtoto wa bangu la mbele, kisha Kalenga. Aliutikisa upara wake polepole, hapana.

"Sitamupa," alisema Kalenga. "Mutu huyu namukamata kwa yale nilijua. Chuma haijui kitu."

Alimshika Dodo begani. Umati uliguna kwa kuvunjika moyo, mguno wa watu walionyimwa haki yao.

"Kumbe Inspecteur anaogopa," alisema yule mzee, kwa masikitiko. "Kumbe anajua huyu hataungua."

Ikaisha hapo. Vijana walimzoa kiongozi wao mikononi mwa Kalenga bila hata kumpiga Inspekta, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu. Mwenze akafyatua risasi hewani, akaamuru Mwalimu apelekwe stesheni, kwa kuwa mkono ulikuwa safi na mapatano ni mapatano. Mawe machache yalimsindikiza. Jioni hiyo Dodo alilala katika nyumba ileile.

Kalenga aliwafuata hadi stesheni. Walipandishwa kwenye behewa la wazi lililokuwa na masizi ya makaa ya mawe. Hospitali haikuwa na dawa, na wauguzi waliojua kufunga kidonda walikuwa humo humo ndani ya mabehewa, mikono mitupu. Mianda alikitoa kile kitambaa cha zamani alichokiokota uwanjani, akakikung'uta mabaki ya nta, akamfunga mumewe nacho tena. Alimpa Kalenga mgongo.

"Prof," Kalenga alisema, kwa kuwa hakuwa na jingine, "Bazungu, ilibachukua miaka ngapi?"

"Kuacha chuma? Mingi. Na kisha bakaanza kutesana." Mwalimu alijaribu kutabasamu. "Ulifanya vizuri, Inspecteur. Ungekuwa darasani, ningekupa pointi."

Treni iliondoka, kisha ikakwama. Habari zake zilifika na mfanyakazi wa reli aliyerudi kutoka upande wa Kamina baada ya mvua za kwanza. Mabehewa yalikaa porini wiki nyingi bila injini. Mwalimu wa histoire alikufa humo, mkono umevimba hadi begani, na mkewe alimzika kando ya reli kwa msaada wa watu aliokutana nao njiani.

Kalenga alilisikia hilo kwa Blandine, alipopita kununua sabuni. Alilisema akiwa ameshika kipande mkononi, na uso wake ulikuwa umetulia kuliko alivyowahi kumwona tangu siku ile.

"Mukono ilioza, tata," alisema. "Kumbe njo ye alimuua. Mungu alichelewa tu. Na mi nilikuwa silale usiku, nikisema labda nilimukosea."

Akamfungia sabuni, na akamwongezea kipande kidogo cha bure.